Barua kwa mwanangu: kabla hujanunua feni

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza ununue feni ya ukubwa gani kwa banda lako la kuku wanane, maana kila ukifungua mlango asubuhi harufu inakupiga usoni. Nitafika kwenye feni. Kwanza niambie, hewa iliyochoka inapita wapi kwenda nje? Umenieleza mlango, umenieleza na dirisha, vyote vya upande wa mbele. Upande wa nyuma hukuutaja.

Hiyo harufu inayochoma pua ni amonia. Kinyesi kikilala kwenye maranda yenye unyevu, bakteria hukivunjavunja na gesi hiyo hutoka. Na unyevu hauletwi na mvua peke yake. Kuku hupumua usiku kucha, na pumzi yao ina maji. Papasa bati kwa ndani alfajiri. Ukikuta matone, hiyo ni pumzi iliyokosa njia. Wala usipime harufu ukiwa umesimama, chuchumaa pale vichwa vya kuku vilipo, kabla pua yako haijazoea. Macho yakikuwasha wewe kwa dakika moja, wao yamewawasha tangu jioni. Amonia huharibu vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa, na kuku aliyepoteza kinga hiyo hushikwa na mafua kwa urahisi.

Nimekuambia tangu utoto wako: hewa ipite juu ya vichwa vyao, isipite vifuani mwao.

Unakumbuka mwaka wa magunia? Yule kuku wako Mwekundu, aliyekuwa akikufuata hadi mlangoni, ndiye aliyetangulia. Baridi ilipoanza, mjomba wako na fundi walipigilia magunia kwenye kila uwazi, hata ule wa chini ya paa. Nikawaambia wa juu wauache. Mjomba wako akanijibu, mbele yako, kwamba mimi nishughulike na mayai. Baadaye kuku wakaanza kutokwa na povu machoni na kukoroma usiku. Mwekundu akawa anasimama pembeni, mdomo wazi, shingo ameinyoosha, mpaka akafa. Unajua walisema nini? Kwamba baridi imezidi. Wakaongeza magunia! Niliamka kabla ya watu, nikayang'oa yote ya juu kwa mikono yangu, nikayaacha ya chini. Waliobaki walipata nafuu, na hakuna aliyeniuliza nilifanya nini. Hadi leo mjomba wako akisimulia mwaka ule, anasema baridi ilitumalizia kuku. Nanyamaza, lakini linanikera.

Niwe mwadilifu, hata hivyo. Upepo unaompiga kuku aliyelala kwenye fito ni mbaya kweli, kwa sababu hufumua manyoya na kuiondoa hewa ya joto iliyonaswa humo. Na kifaranga asiyeota manyoya ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo hofu yao haikuwa ya bure. Ila kuku mkubwa, mkavu, mwenye joto la mwili la nyuzi 41 hivi, amejifunika blanketi lake mwenyewe. Akilala kwenye unyevu na amonia, blanketi hilo halimsaidii.

Basi toboa chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, juu kuliko kichwa cha kuku aliye kwenye fito ya juu kabisa. Hewa ya joto hupanda yenyewe, ipe pa kutokea. Ziba kwa wavu mgumu wenye matundu madogo, maana ule laini kicheche huurarua na panya hupenya. Upenu uwe mrefu ili mvua isiingie, kwani uwazi huo wa juu haufungwi, iwe joto iwe baridi. Wa chini uwekee kifuniko cha bawaba, ufungue mchana wa joto na ufunge usiku wa baridi. Kisha ning'iniza uzi mwembamba kwenye fito za kulalia na mwingine karibu na paa. Wa juu ucheze, wa chini utulie. Ndiyo maana ya maneno yangu: juu ya vichwa vyao, isiwe vifuani mwao.

Na chombo cha maji kinachovuja kitengeneze. Maranda yakiloa kila siku, hakuna tundu litakalokuokoa.

Sasa feni. Banda lisilo na pa kutokea, feni itazungusha hewa ileile mbovu. Vumbi la manyoya litajaa kwenye mota, na mota iliyojaa vumbi inaweza kushika moto. Hayo yananisukuma niseme usinunue. Halafu nakumbuka zile siku za joto ambazo hata jani halitikisiki. Kuku hatoki jasho, anatweta tu, na siku hiyo upepo wa feni unaweza kumwokoa, mradi waya uwe mbali na midomo yao. Kwa hiyo nauzuia ulimi wangu, ingawa unajua unakoelekea. Banda ni lako, uamuzi ni wako.

Kabla hujakata ubao wowote, pima kutoka fito ya juu hadi kwenye bati uniandikie. Kama kuku akisimama kichwa chake kinakaribia paa, itabidi tuanze kwa kushusha fito.

Mama yako