Maswali yenu kuhusu kusomea maendeleo ya kimataifa na kwenda fildi nje

Maswali yamekuwa mengi kuhusu hizi digrii za maendeleo ya kimataifa, zile ambazo katikati ya masomo unatoka unaenda kufanya kazi nchi nyingine miezi kadhaa (ndo tunaita fildi) halafu unarudi kumalizia. Najibu yale yanayojirudia.

Niko form six HGE (historia, jiografia, uchumi) hapa Mwanza. Wanasoma nini hasa, si ndo ile DS (Development Studies) ya vyuo vya bongo?

Mdogo wangu, ni ndugu na hiyo DS ila huku ndo kozi nzima, si somo moja tu, miaka mitatu au minne. Unapiga uchumi, siasa, takwimu, mazingira, jinsia, na sehemu kubwa ni kuchambua miradi, kwa nini huu ulikufa na ule ukashika. Mfano mmoja maarufu uko kwetu kabisa, mpango wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulianza 1947 wakaufunga 1951 baada ya kupoteza kama pauni milioni 36, mvua haba, udongo ule kiangazi unakuwa mgumu kama saruji, matrekta yanaharibika kila siku, na wenyeji wanaoijua ile ardhi hawakusikilizwa. Sasa weka pembeni yake M-Pesa ya Kenya, 2007, nayo ilianza na hela ya msaada ya serikali ya Uingereza pamoja na Vodafone, wakaijaribu kwa watu wa mikopo midogo, wakaona watu wenyewe wanaitumia kutumiana hela, wakaibadilisha ikafuata watu wanachotaka. Ukikaa ukatafakari hizo mbili tu, tayari umeanza kufikiri kama kozi inavyotaka.

Na skolashipu?

Kwa digrii ya kwanza nje ni chache sana, nakwambia ukweli usije ukapoteza mwaka unasubiri. Nyingi ziko ngazi ya masta, mfano Chevening ya serikali ya Uingereza (wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili) na zile za Jumuiya ya Madola. Soma ya kwanza nyumbani, fanya kazi, ndo uombe.

Niko Leicester, nimekulia hapa, nataka kozi yenye fildi ya kweli. Nitajuaje ipi ni nzuri?

Usiangalie jina la kozi, angalia muda na nani anakutafutia nafasi. Kuna vyuo vina historia ndefu na hili jambo, hapo Uingereza kuna University of East Anglia, Canada kuna Waterloo ambako fildi imekuwa miezi minane, na Toronto pale Scarborough ambako inaweza kufika mwaka. Miezi minane na wiki tatu ni vitu viwili tofauti kabisa, wiki tatu ndo kwanza unajua daladala ya kwenda ofisini.

Wakati unaomba uliza haya bila aibu: chuo kinatafuta nafasi au unajitafutia, mwaka wa fildi ada inapungua au unalipa yote, tiketi na bima nani analipa, na supavaiza wako kule ni nani, yaani mtu mwenye jina na cheo ambaye utakaa naye ofisi moja. Wakishindwa kukujibu hilo la mwisho mimi ningeachana nao.

Mwanangu yuko chuo Uingereza, kuna kampuni inamwambia alipe aje kujitolea kituo cha watoto yatima Arusha. Ni sawa? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Mwambie asilipe, na hata ikiwa bure asiende. Hili naliongea kwa uchungu. Watoto wengi kwenye vituo vya namna hii wana mzazi angalau mmoja aliye hai, kinachowaleta pale ni umaskini, na hela za wageni zinafanya kituo kihitaji watoto wa kuonyesha. Mtoto anamzoea mgeni, mgeni anaondoka, anakuja mwingine, anaanza tena, hivyo hivyo mpaka anakua. Kenya walisimamisha usajili wa vituo vipya 2017, na Australia walipokuwa wanaandaa sheria yao ya 2018 kuhusu utumwa wa kisasa walilitambua suala la watoto kupelekwa vituoni ili watu wapate faida. Na kijana wa miaka ishirini ambaye hajasomea malezi wala hajachunguzwa rekodi yake, kwao Uingereza asingeruhusiwa kuachwa peke yake na watoto wa kituo, kwa nini aruhusiwe kwetu?

Kama anataka Arusha aombe kupitia chuo chake aende kwenye mradi wa maji, vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, au akae na maafisa maendeleo ya jamii wa halmashauri aone kazi inavyofanyika bila gari la wafadhili.

Wazazi wangu wa Kigoma, mimi nina paspoti ya Canada. Naweza kuingia Tanzania na viza ya utalii nikafanya fildi?

Hapana. Kujitolea nako ni kazi machoni pa uhamiaji. Wanafunzi na wanaojitolea ni kibali cha ukaazi daraja C, shirika linalokupokea ndo lianze kukushughulikia mapema. Ukifanya utafiti kuna kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) juu yake, na Zanzibar wana utaratibu wao. Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo hata kama bibi yako yuko Kasulu mpaka leo, kwa paspoti ya Canada wewe si raia. Kenya wao wameruhusu tangu katiba ya 2010.

Natoka Bukavu, naishi Ottawa. Kiswahili changu watu wa Dar wanakicheka. Kitanisaidia?

Kaka, sana tena sana. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pale Kigoma imejaa watu wa Kivu, Kongo, tangu 1996, na wao wanaongea hicho hicho unachoongea wewe. Mama akihojiwa kupitia mkalimani anajibu kwa kifupi ili amalize, akihojiwa na mtu wa kwao anaeleza mpaka kilichompata njiani. Una Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, viandike juu kabisa kwenye CV.

USAID imefungwa, kazi zipo kweli?

Zimepungua, sikudanganyi. USAID, shirika la misaada la Marekani, iliisha Julai 2025, na Uingereza wametangaza kushusha msaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lao hadi 0.3 ifikapo 2027. Ndo maana nasema usitoke na digrii ya maelezo matupu, toka na kitu cha mkono, takwimu, ramani za kompyuta, uhasibu wa miradi, maji, lishe. Na usiangalie NGO za kigeni peke yake, kuna TASAF (mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii), kuna halmashauri, Kenya kuna kaunti 47 zinazopanga bajeti kila mwaka na zinahitaji watu wanaojua kusoma namba. Anza kuomba fildi huko huko.