Kabla ya kwenda kutembea juu ya barafu ya Karakoram, uliza njia ya kurudi

Sisi tunaopandisha wageni hapa Moshi tuna ugonjwa wetu. Tukishafika kilele cha Uhuru mara nyingi hadi tukaacha kuhesabu, tunaona milima yote ya dunia ni wadogo zake Kilimanjaro. Akitokea mgeni wa zamani akakualika safari ya wiki tatu juu ya barafu huko Pakistan, kama nilivyoalikwa mimi, unaitikia kabla hajamaliza kusema. Itikia tu, nafasi kama hiyo haiji kila mwaka. Lakini kabla ya kukata tiketi kuna maswali ya kumuuliza anayeandaa safari, na la kwanza halihusu kilele.

Njia yenyewe ni ya Baltoro, kwenye milima ya Karakoram, kaskazini mwa Pakistan. Kutoka KIA, uwanja wetu wa ndege, unapita Doha mpaka Islamabad, unaruka hadi mji wa Skardu, kisha unarushwarushwa ndani ya jipu kwa saa nyingi hadi Askole, kijiji cha mwisho, kwenye mita 3,000 hivi. Barabara inaishia hapo. Unafuata bonde la mto Braldu kwa miguu hadi unapopanda juu ya Baltoro wenyewe, mto wa barafu wenye urefu wa zaidi ya kilomita 60. Kambi zinafuatana: Paiju, Urdukas, Goro II, halafu Concordia, pale Baltoro unapokutana na barafu ya Godwin-Austen. Hapo K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, yenye mita 8,611 imesimama mbele yako yote nzima, na Broad Peak ya mita 8,051 iko jirani yake. Wengine hurudi walikotoka. Wengine huvuka pasi (mwanya wa kuvukia kati ya vilele) ya Gondogoro La, zaidi ya mita 5,500, na kushukia kijiji cha Hushe.

Mtu wa Moshi akizitazama namba hizo atacheka. Concordia iko karibu sawa na kambi yetu ya Barafu, na Gondogoro haifiki Uhuru. Kwa hiyo shida iko wapi?

Shida ni siku. Kwetu mgeni akizidiwa usiku pale Barafu, vijana wanamfunga kwenye machela ya gurudumu moja na kukimbia naye kuelekea geti la Mweka, na kila hatua inampeleka kwenye hewa nzito zaidi. Baltoro haiko hivyo. Ni ndefu na imelala, mteremko wake ni mdogo mno. Unaweza kutembea kutwa nzima kurudi ulikotoka na bado ukawa juu ya mita 4,000.

Katika msafara wetu kulikuwa na mgeni mwenye mwili wa mazoezi, kila siku anatutangulia kambini. Tulipofika Goro II akaanza kukohoa. Usiku akawa anahema na huku amekaa tu. Aliyezoea mlima anaijua hali hiyo: maji yanajaa mapafuni, na dawa yake ya kwanza ni kushuka. Mawingu yalikuwa yamefunga bonde, helikopta isingeweza kuja. Kiongozi msaidizi akaondoka naye usiku uleule pamoja na wapagazi wawili na mtungi wa oksijeni, wakipapasa njia kwa taa za kichwani hadi Urdukas. Kutoka hapo akapandishwa farasi wa mizigo waliokuwa wanarudi bondeni. Alipona, na kipande cha mwisho kuingia Askole alitembea kwa miguu yake.

Ukiniuliza kilichomwokoa, nitasema ni mambo yaliyopangwa wiki nyingi kabla hajaanza kukohoa. Kulikuwa na kiongozi wa pili aliyeweza kuondoka bila kuwaacha wengine yatima. Kulikuwa na oksijeni. Kulikuwa na mtu aliyejua farasi wako kambi gani siku hiyo. Kwa hiyo kampuni ikikutumia ratiba yenye picha nzuri za K2, jibu kwa kuuliza: mtu akiugua Concordia, nani anashuka naye, kwa njia ipi, na sisi wengine tunabaki na nani? Wakikujibu kwamba hilo halijawahi kutokea, tafuta kampuni nyingine.

Helikopta nayo usiichukulie kama ya kwetu, ambayo mara nyingi simu moja inatosha kuiita. Kule ni za jeshi, huruka mbili kwa pamoja, na hazinyanyuki mpaka malipo yawe yamehakikishwa. Bima yako lazima itaje uokoaji wa mlimani na mwinuko utakaofika, kwa maandishi, na nakala ibaki kwa mtu wa Skardu au Islamabad anayeweza kushughulika ukiwa huna mtandao. Bima nyingi za bei rahisi huishia mita 3,000 au 4,000. Soma yale maandishi madogo.

Tena kuna jambo ambalo sisi tuliokulia kwenye kazi hii tunaliona haraka kuliko wageni. Wapagazi wa Kibalti, wenyeji wa kule, hulipwa kwa vituo, na kadiri chakula kinavyoliwa na mizigo kupungua, wengine hulipwa na kurudishwa nyumbani njiani. Msafara unaotoka Askole kama kijiji kinachohama unafika Concordia ukiwa umepukutika. Hapo ndipo ulipo mbali zaidi, na hapo ndipo mikono ni michache zaidi. Uliza idadi ya watakaobaki hadi mwisho. Uliza pia wamevaa nini miguuni, na kama wana bima. Kwetu mizani ya getini inasimama kwenye kilo 20, kule mzigo wa kawaida ni 25, nao huubeba mgongoni, si kichwani. Nimeanza kazi hii na mzigo kichwani, kwa hiyo siwezi kulala vizuri kwenye hema ambalo aliyelibeba amelala nje na turubai. Anayemdhulumu mpagazi atakudhulumu na wewe, ni suala la siku tu.

Sasa barafu. Tuseme ukweli, sisi wa Kilimanjaro tunaiona barafu, hatutembei juu yake. Tunaipita pembeni, mgeni anapiga picha, tunaendelea. Nyingi imeshayeyuka: zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 imekwenda. Unaweza kuwa kiongozi kwa miaka mingi na hujawahi kufunga kramponi, yale meno ya chuma ya chini ya viatu. Ndiyo maana ushauri wangu kwa kijana mwenye ndoto hii ni kupita kwanza Rwenzori, Uganda. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, chini ya Uhuru kwa mbali, lakini utavaa hanisi (mikanda ya kiunoni ya kufungia kamba), utafungwa kamba na wenzako na utakanyaga barafu yenye nyufa. Matope yake nayo yatakufundisha uvumilivu. Gharama haifanani kabisa na ya kwenda Asia. Fundo la kamba jifunzie nyumbani hadi uweze kulifunga gizani ukiwa na glavu.

Ila usidhani Baltoro ni barafu nyeupe muda wote. Sehemu kubwa imefunikwa mawe, makubwa na madogo, na chini yake barafu inayeyuka na kusogea, kwa hiyo jiwe lililokuwa imara asubuhi linazunguka mchana. Vifundo vya miguu na magoti ndivyo vinavyolipa. Kwa mazoezi, nenda mlima Meru. Panda na kushuka, kisha rudia kesho yake ukiwa bado umechoka. Kutembea na uchovu wa jana ndiyo kazi yenyewe. Nguvu za siku moja za kufika Stella, pale ukingoni karibu na Uhuru, zitakusaidia kidogo sana. Vijito vinavyotoka kwenye barafu vivuke asubuhi, maana jua likishapiga, mchana vinajaa.

Kwenye vifaa, Memorial, soko letu la mitumba hapa Moshi, haijawahi kuniangusha. Jaketi la manyoya, sweta za flisi, suruali za kuzuia upepo, vyote utavipata pale kwa bei ya kujadiliana ukiwahi kabla ya madalali. Lakini viatu, hanisi na kamba usinunue mtumba. Hujui kamba ile ilishabeba nini. Na miwani: wenzetu wengi wanasema sisi weusi hatuna haja. Ngozi labda itavumilia kidogo kuliko ya Mzungu, ingawa midomo itapasuka. Macho hayana rangi. Mwanga ukipiga kutoka juu na kutoka chini kwenye theluji unaweza kukupofusha kwa siku kadhaa, na kipofu juu ya barafu ni mzigo wa watu wanne. Nunua miwani ya giza zito iliyozibwa pembeni, na ya akiba.

Chakula ni chapati, dengu na wali, na chai yenye chumvi ambayo utaizoea au hutaizoea. Nilibeba unga wa sembe na mpishi akaniachia sufuria. Pombe isahau, uko kwa Waislamu, salimia kwa salamu yao na utapata marafiki. Linalowarudisha watu mapema sana ni tumbo: kambi ni zilezile kila msimu, vyoo ni vichache, maji yanatoka juu ya kambi ya mwenzako. Chemsha au tia dawa, nawa mikono kabla ya kila mlo, hata maji yakiwa ya kuuma.

Ukichagua Gondogoro, usiku wake utaufahamu: mnaondoka katikati ya usiku kama tunavyotoka Barafu. Sababu ni nyingine, jua likipanda, mawe na theluji upande wa Hushe huanza kuporomoka. Kamba za pale hufungwa kila msimu na vijana wa uokoaji wa Hushe. Uliza kama zimeshafungwa kabla hujatoka Skardu.

La mwisho ni ndege. Safari za Skardu hufutwa mara kwa mara kwa sababu ya hali ya hewa, na njia ya gari hadi Islamabad huchukua kama siku mbili, zaidi ikiwa mlima umeporomokea barabara. Usiweke ndege ya Doha siku moja baada ya kutoka mlimani. Acha siku nne, na ukate tiketi inayoruhusu kubadili tarehe hata kama bei yake inakukera.