Nilinunua nyumba Cervo, kijiji cha pwani ya Italia, na sikuinunua kwa yuro moja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kisauni anayefanya kazi Bergamo aliniandikia: "Dada, nimeona Italia kuna nyumba za yuro moja. Nataka yangu iwe karibu na bahari kama yako. Nianzie wapi?" Nilicheka mpaka bibi ninayemtunza akaniuliza nina nini. Mdogo wangu, zile nyumba nyingi ziko bara huko, milimani, katika vijiji vilivyokimbiwa na vijana, na unatia saini ahadi ya kuikarabati kwa muda uliopangiwa. Huku pwani hakuna wa kukuuzia kitu kwa yuro moja. Hata kahawa.

Basi nisikilizeni, maana juzi tu nimemaliza kupaka chokaa ukuta wa mwisho, na leo nina haki ya kuringa kidogo.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Malindi. Kiitaliano nilikijua kabla sijaijua Italia. Nilikiokota ufukweni nikiuza vikoi, kama wenzangu wengi wa rika langu. Genova nimekaa miaka kumi na minne nikitunza wazee. Cervo nilipelekwa na mmoja wao aliyetaka kusikiliza fidla. Kila kiangazi kuna tamasha la muziki pale uwanjani mbele ya kanisa, lilianzishwa 1964 na mpiga fidla Mhungari, Sándor Végh. Muziki wenyewe sikuusikia. Nilikuwa nakodolea macho vichochoro visivyoingia gari, ngazi za mawe, matao juu ya kichwa, nguo zimeanikwa dirishani. Lamu yenye kengele! Na lile kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji wenyewe huliita la Corallini, yaani la wavuvi wa marijani, kwa kuwa ni fedha ya marijani iliyolijenga. Mimi niliyezaliwa katika nyumba ya matumbawe nikajua hapa nitarudi.

Nikarudi, nikaharibu.

Dalali wa kwanza alinitazama mlangoni akaniambia funguo za usafi ziko kwa jirani. Nikamwambia nimekuja kununua. Hasira ile ndiyo iliyoniponza. Nilitaka aone kuwa pesa ninazo, nikatoa yuro 5,000 juma lilelile kwa chumba chenye dirisha linalotazama bahari. Sikuuliza nyumba ni ya nani. Kumbe ni ya warithi sita. Watano walitia saini na kuahidi kumleta wa sita, na huyo wa sita yuko Argentina, hataki hata kusikia habari ya kuuza. Juu ya hayo, karatasi yangu iliandikwa "acconto", malipo ya kutanguliza tu. Ingeandikwa "caparra confirmatoria", ambayo ndiyo arubuni hasa, sheria yao ingenipa mlango wa kudai mara mbili ya nilichotoa, maana aliyevunja ni muuzaji. (Ningevunja mimi, arubuni ingeliwa.) Nilirudishiwa 5,000 zangu baada ya miezi kumi na mmoja, pole sikupewa. Pesa nimezisamehe. Zile funguo za usafi, bado.

Mara ya pili nilianzia kwa notaio, yule mwanasheria anayeandika hati ya mauzo. Huku mnunuzi ndiye anayemchagua na kumlipa, kwa hiyo usikubali kuletewa wa dalali. Nyumba yenyewe ni mita za mraba 34, yuro 81,000, na bahari unaiona ukitoa kichwa nje. Notaio akachimba: mwenye nyumba ni mmoja, rehani hakuna. Lakini fundi wa vipimo akagundua kuwa ile dari ya mbao ya kulalia haimo kwenye ramani iliyosajiliwa. Tangu 2010 sheria inataka ithibitishwe katika hati kuwa ramani inalingana na nyumba ilivyo, la sivyo hati ni batili. Nikamwambia muuzaji arekebishe kwa gharama yake. Miezi saba. Sina la kusimulia hapo, nilifanya kazi nikalala.

Kodi ya serikali ya kununua nyumba ilininyima usingizi kwanza. Asiyehamia hulipa 9%, nikapiga hesabu: 7,290! Notaio akanieleza kuwa mtu binafsi anayenunua nyumba ya kuishi kwa mtu binafsi anaweza kuomba kodi ihesabiwe kwa thamani iliyoandikwa katika daftari la serikali la nyumba, si kwa bei. Ikashuka hadi 2,381. Ukiifanya nyumba yako ya kwanza ni 2%, ila uhamishie makazi katika manispaa hiyo ndani ya miezi 18, na mkate wangu uko Genova. Tena mwombe msimamizi wa jengo barua ya madeni, kwa sababu michango isiyolipwa ya mwaka huu na ule uliotangulia inaweza kukuangukia wewe.

Na wewe uliyeko Mombasa unayesoma huku ukiota: bila kibali cha kuishi Italia utaulizwa kwanza kama Muitaliano naye anaruhusiwa kununua kwenu. Katiba yetu ya 2010 inampa mgeni miaka 99 ya kukodi ardhi, basi. Mimi kibali changu cha kazi ndicho kilichonivusha. Muulize notaio kabla hujakata tikiti.

Ukishapata nyumba, kuna mgongo wako. Reli ilihamishiwa bara mwaka 2016 na stesheni ya kijiji ikafungwa, hivyo nashuka Andora nangoja basi, halafu ngazi. Mifuko ya chokaa niliipandisha mwenyewe. Jirani fundi aling'ang'ania saruji, nikakataa. Marehemu baba alikuwa mwashi Malindi, akisema ukuta wa mawe unapumua, usiuzibe pua. Saruji hufungia unyevu ndani, mwaka wa pili ukungu unakusalimia kitandani. Jirani alipokuja kuona ukuta wangu aligusa, akanyamaza. Nilifurahi kuliko siku ya hati.

Ndugu zangu, acheni kununua ili mtazamwe. Nimelipa mimi, msilipe tena ninyi. Tunaotuma pesa za ujenzi nyumbani tunaijua ile picha ya msingi uleule tunayotumiwa kila mwezi. Lakini tukifika Ulaya akili inatutoka kwa sababu dalali amevaa tai. Ulizeni mwenye nyumba ni nani. Mkishajibiwa, ulizeni tena.

Kijana wa Kisauni, ukiipata nitumie ramani ya daftari la serikali na majina ya wenye nyumba wote. Picha za bahari usinitumie, ninazo.