Fred Hyland: ova 2, basi
Kwa aliyeuliza kama yupo mchezaji wa kriketi ya daraja la kwanza asiyepiga wala kurusha mpira hata mmoja: yupo, Fred Hyland wa Hampshire, timu ya Uingereza. Mechi yake pekee ilikuwa ugenini Northampton, 1924. Wenyeji Northamptonshire walipiga kwanza. Zikarushwa ova 2 (ova moja ni mipira 6), yaani mipira 12, ukapatikana mkimbio 1, ndiyo alama moja, hakuna aliyetolewa. Mvua ikamaliza kazi. Mechi inahesabika kwa kuwa ilishaanza. Ila kwenye jedwali la takwimu usimwandikie wastani wa kupiga 0, kosa la kila siku hilo: wastani ni mikimbio kugawanya kwa mara alizotolewa, na kwa 0 haigawanyiki. Weka kistari. Baadaye alisifika Cheshire kwa kitalu cha miche.