Nimechapwa wiki tatu mfululizo

SWALI: Kaka, wiki tatu hizi poka inanichapa tu, juzi nna ree mbili jamaa ana wafalme wawili, tukaweka chipu zote, karata ya mwisho akatua mfalme wa tatu! Nikahamia meza kubwa, ya dau kubwa, nirudishe hela, nikaisha kabisa. Nimesahau kucheza ama?

JIBU: Pole mdogo wangu. Ree mbili huwapiga wafalme wawili kama mara 82 kwa 100, sasa hizo zilobaki lazima zimpate mtu. Hapo hukukosea kitu. Kosa ni kupanda meza na hasira, yaani ulikuwa unajitafutia. Shuka meza ndogo, panga kabisa kiasi cha kupoteza kwa siku, kikiisha unainuka hata kama mkono unawasha, zile raundi zilizokuuma zipitie kesho yake ukishatulia. Na kama hiyo hela ni ya kodi ya nyumba, acha kwanza.