Kalkuleta kugeuka nyeusi juani

Wewe uliyeuliza kwa nini kalkuleta uliyoiacha kwenye dashibodi ya gari imekuwa nyeusi kioo kizima, usiitupe kwanza, iweke kivulini ipoe, mara nyingi inarudi yenyewe. Iko hivi, ndani ya kile kioo kuna fuwele za kimiminika, yaani kimiminika ambacho molekuli zake hujipanga kwa mpangilio kama fuwele, molekuli hizo ndefundefu zimejisokota digrii 90 katikati ya filta mbili ambazo zenyewe zingeziba mwanga, na ule msokoto ndo unageuza mwanga upite, sasa umeme ukifika kwenye namba molekuli zinanyooka, mwanga unazibwa, unaona weusi. Joto likizidi zinavurugika zote, msokoto hakuna tena, kioo chote giza.

Hilo suala la joto, na la unyevu pia, liliwatesa sana watafiti aisee. Kemikali za mwanzo za fuwele hizo, kama ile iitwayo MBBA, zilikuwa zinaharibiwa hata na unyevu wa hewa, ndo George Gray na wenzake pale Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mwaka 1972 wakatengeneza kemikali mpya iitwayo 5CB, imara kweli ila inafanya kazi kati ya nyuzi joto kama 24 na 35 tu, yaani mchana wa Februari Dar ungeisumbua! Ikabidi ichanganywe na kemikali ndugu zake, wakishirikiana na watafiti wa mji wa Malvern, Uingereza, ukapatikana mchanganyiko uitwao E7 unaofika karibu nyuzi 60. Kwa kweli hawa watu wanastahili sifa kubwa kuliko wanayopewa.

Ila ikishapoa halafu ukaona doa jeusi limebaki kama wino umemwagika, hapo kioo kimepasuka, kimiminika kimevuja, hairudi hiyo.