Nuru mbili za kwasari moja zinapimaje upana wa wingu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne hapa Lamu. Nimesoma kuwa mawingu ya gesi ya mbali hupimwa upana kwa nuru ya kwasari, yaani kiini king'avu mno cha galaksi ya mbali, inayoonekana mara mbili. Upana huo unapatikanaje? Tena nuru moja hutangulia kufika. Je, hesabu haiharibiki?

JIBU: Marahaba. Shuka hadi gatini uutazame mtumbwi kutoka juu. Tezi, yaani nyuma, nyembamba; ubavuni pana; omo, yaani mbele, nyembamba tena. Ndivyo nuru inavyosafiri. Tezi ni kwasari, omo ni darubini yetu, na penye ubavu ipo galaksi ambayo uzito wake huipinda nuru iliyotawanyika, ikatufikia kwa njia mbili. Kwasari ya kwanza kujulikana hivi ni Q0957+561, mwaka 1979. Penye galaksi, njia zake zimeachana takriban miaka ya nuru 100,000.

Mawingu tunayoyataka yako kati ya tezi na ubavu. Hayang'ai, bali hula nuru. Haidrojeni humeza wimbi la nanometa 121.6, ikaacha mstari mweusi kwenye spektra, yaani nuru iliyotandazwa kwa rangi zake. Ulimwengu ukitanuka, wimbi hurefuka njiani. Ukiukuta mstari kwenye nanometa 364.8, umevutwa mara tatu. Hapo wajua wingu liko wapi mtumbwini, na nafasi kati ya njia mbili pale unaikokotoa.

Sasa linganisha spektra mbili. Mstari ukiwa pahala pamoja katika zote, wingu limezifunika njia zote mbili, basi halipungui nafasi hiyo. Ukiwa kwenye moja tu, wingu limeishia katikati. Mstari mmoja haukupi upana, hukupa mpaka tu, ndiyo maana hukusanywa mistari mingi. Nami siuamini haraka mstari wa pamoja: mawingu madogo mawili jirani yaweza kujifanya moja, kwa hiyo kasi na unene wa mistari navyo hulinganishwa. Mawingu ya haidrojeni mbele ya kwasari HE 1104-1805 yalionekana kuwa na upana unaopita miaka ya nuru laki moja. Lakini mbele ya kwasari Q1422+231, gesi yenye metali (kwa wanaanga, elementi nzito kuliko heli) ilibadilika ndani ya miaka ya nuru mia hivi tu.

Na kuchelewa? Katika Q0957+561 picha moja hutangulia kwa siku 417 hivi. Kwa kwasari yenyewe, ambayo mwanga wake hupanda na kushuka, hilo ni jambo kubwa. Lakini wingu ambalo nuru hulivuka kwa maelfu ya miaka haliwezi kubadilika la maana ndani ya miezi kumi na minne, kwa hiyo hesabu haiharibiki.